Kwa nini watu hufa wakiwa wamesimama kwenye matamasha, na jinsi ya kuzuia

Usiku wa tarehe 5 Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld mjini Houston, Marekani, shinikizo la umati mbele ya jukwaa liliua watu 10. Mdogo wao alikuwa na miaka 9, mkubwa wao 27. Hakukuwa na moto, bomu wala risasi. Madaktari waliochunguza miili walikuta kwamba waathirika walikosa hewa kwa kubanwa. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11, wakiwemo polisi wawili, walikufa katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa siku ya onyesho la Fally Ipupa. Serikali ya Kongo ilieleza kwamba uwanja ulijaza watu kupita uwezo wake.

Kila mara maafa ya aina hii yanapotokea, lawama ya kwanza huangukia mashabiki: walipagawa, walilewa, hawana nidhamu. Lawama hiyo imekosea njia. Mtu aliye nyuma ya watu 5,000 haoni kinachotokea mbele, na mtu aliyebanwa mbele hana uwezo wa kumwambia aliye nyuma aache kusogea. Anayeweza kuona yote mawili ni mwandaaji, na ndiye aliyepanga kiwanja, idadi ya tiketi, upana wa mageti na saa ya kuanza. Kwa hiyo tuanze na kile kinachoua, kisha tuone kinavyozuilika kwa hesabu.

Mwili ukibanwa

Ili mtu avute pumzi, kifua chake lazima kitanuke. Akibanwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kila anapotoa pumzi kifua husinyaa na miili iliyomzunguka huziba ile nafasi ndogo iliyoachwa. Pumzi inayofuata inakuwa fupi kuliko iliyotangulia. Akiendelea kubanwa hivyo hupoteza fahamu, na baada ya dakika chache moyo husimama. Lakini haanguki, maana hakuna pa kuangukia. Jirani yake anaweza kudhani amesinzia au amelewa. Ndiyo maana mlinzi aliye mbali huona umati unaoyumba kwa furaha wakati katikati yake kuna watu wanaokata roho.

Nguvu inayofanya hivyo haitokani na mtu mmoja mwenye misuli. Watu mia kadhaa wakiegemea mbele kidogo tu, misukumo yao hujumlishwa safu kwa safu. Mhandisi wa Kimarekani John Fruin, aliyechunguza maafa mengi ya umati, alionyesha kutokana na reli za chuma zilizopindika baada ya ajali kwamba nguvu hiyo hufikia newton zaidi ya 4,500, sawa na uzito wa karibu kilo 450 ukikandamiza kifua cha mtu.

Aina ya pili ya hatari ni kuanguka kwa mnyororo. Mtu mmoja akijikwaa katika umati mzito, pengo linatokea ghafla, na waliokuwa wakimwegemea wanaanguka juu yake, kisha walio nyuma yao juu yao. Wa chini kabisa hubeba uzito wa tabaka tatu au nne za watu. Hata hapo kinachoua kwa kawaida ni uzito uliotulia juu ya kifua, zaidi ya kukanyagwa.

Namba moja ya kukariri

Kipimo kikuu katika kazi hii ni idadi ya watu kwa mita moja ya mraba. Wakiwa 2, unacheza, unanyoosha mikono, unapita kwenda chooni bila kumsukuma mtu. Wakiwa 3, unaomba njia. Wakiwa 4, mnasimama bega kwa bega na kutoka katikati huchukua dakika nyingi. Kiwango hiki ndicho kinachokaribia ukomo: mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo unaruhusu watu 47 tu kwa kila mita 10 za mraba za sehemu ya kusimama, na hapo inadhaniwa kuna vizuizi vya chuma vilivyopangwa vizuri kugawa shinikizo. Wakifika 6 au 7, umati huanza kutembea kama maji. Mawimbi hupita ndani yake, watu hunyanyuliwa mzima mzima, viatu hutoka miguuni, na hakuna mtu anayeamua aelekee wapi.

Wastani wa kiwanja kizima hudanganya. Kiwanja kinaweza kuwa na wastani wa mtu mmoja na nusu kwa mita ya mraba huku mita 20 za mwanzo mbele ya jukwaa zikiwa na 6. Houston ilikuwa hivyo: sehemu kubwa ya nyuma ilikuwa na nafasi, na waliokufa walikuwa wamekusanyika katika eneo moja lililozingirwa na vizuizi. Kwa hiyo kupima lazima kufanyike eneo kwa eneo.

Namna rahisi ya kupima ni hii. Kabla mashabiki hawajaingia, weka alama kwenye nguzo za taa au kwenye vizuizi ili mwangalizi aliye juu ajue mstatili wa mita 10 kwa 10 unaanzia na kuishia wapi. Hiyo ni mita 100 za mraba. Wakati wa onyesho, piga picha ya eneo hilo kutoka juu na uhesabu vichwa. Vichwa 300 ni watu 3 kwa mita, endelea kuangalia. Vikifika 400, funga njia ya kuingia eneo hilo. Vikifika 500, onyesho lisimame mpaka watu wapungue. Mwenye droni anaweza kuitumia, lakini mtu mwenye simu kwenye mnara wa mita 4 anatosha, ilimradi hana kazi nyingine.

Kiwanja kinabeba wangapi

Mapromota wengi hutaja uwezo wa kiwanja kwa kusikia, au kwa kuangalia kilijaa vipi mara ya mwisho. Tufanye hesabu ya kiwanja cha wazi chenye mita 100 kwa 70, yaani mita za mraba 7,000. Jukwaa na nyuma ya jukwaa huchukua 1,000. Vibanda vya chakula, vyoo, mahema na meza za VIP 1,200. Mnara wa fundi sauti pamoja na sehemu zisizoona jukwaa, 600, kwa sababu hakuna atakayekaa mahali asipoona msanii. Watu wa sehemu hiyo watahamia mbele. Njia za dharura na ya gari la wagonjwa, 400. Zinabaki mita 3,800. Kwa watu 2 kwa mita, kiwanja hiki kinabeba 7,600. Bango litasema elfu kumi na tano.

Hesabu hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni milango ya kutokea. Kwenye ardhi tambarare watu wapatao 82 hupita kwa dakika katika kila mita moja ya upana wa njia. Kwenye ngazi hushuka hadi 66. Ukitaka watu 7,600 watoke kwa dakika 8, unahitaji 950 kwa dakika, yaani upana wa karibu mita 11.6. Mageti manne ya mita 4 yanatoa mita 16, na yanaonekana kuzidi. Lakini sheria ya kazi hii ni kudhani kwamba geti moja, tena kubwa kuliko yote, halitumiki: moto uko upande ule, au gari limeegeshwa mbele yake. Yakibaki matatu una mita 12, na hesabu inapita kwa shida. Likibaki moja, unapitisha watu 328 kwa dakika, na kiwanja kinahitaji dakika 23 kuwa tupu. Uwezo halali wa kiwanja ni namba iliyo ndogo kati ya ile ya nafasi na ile ya milango.

Geti lililofungwa kwa kufuli ili kuzuia wasio na tiketi halihesabiwi kabisa. Hili ndilo kosa linalorudiwa mno katika nchi zetu, na halina utetezi. Weka mlinzi kila geti la dharura, mlango ufunguke kuelekea nje, komeo liwe la kusukuma kwa ndani. Gharama ya mlinzi huyo kwa usiku mmoja ni ndogo kuliko hasara ya tiketi chache zilizopenyezwa.

Nje ya geti

Maafa mengi hutokea kabla mtu hajasikia wimbo hata mmoja ndani. Mjini Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979, watu 11 walikufa nje ya ukumbi wa Riverfront Coliseum walipokuwa wakisubiri onyesho la bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na viti maalumu, hivyo aliyewahi ndiye aliyepata mbele. Milango michache ilifunguliwa, sauti kutoka ndani ikawafanya walio nje wadhani onyesho limeanza, na nyuma wakasukuma. Bendi ilipiga mpaka mwisho bila kujua. Antananarivo, tarehe 26 Juni 2019, watu wasiopungua 15 walikufa kwenye uwanja wa Mahamasina siku ya uhuru wa Madagaska. Walio nyuma waliamini mageti yamefunguliwa, walio mbele walikuwa wamebanwa kwenye geti lililofungwa.

Katika visa vyote viwili nyuma walikuwa na habari moja na mbele nyingine. Spika mbili zilizoelekezwa kwenye foleni na mtu mmoja anayesema kila dakika tano nini kinaendelea zingebadilisha mengi. Kingine ni hesabu ya ukaguzi.

Kumpapasa mtu, kupitisha kigunduzi cha chuma na kufungua mkoba huchukua kama sekunde 20 akiwa mtulivu. Njia moja ya ukaguzi basi hupitisha watu 3 kwa dakika, 180 kwa saa. Watu wetu hawaji mapema. Tuseme asilimia 60 ya wale 7,600, yaani 4,560, wanafika katika saa mbili za mwisho kabla ya msanii mkuu. Zinahitajika njia 13. Promota akiweka 4, ataingiza watu 1,440 katika saa hizo mbili, na wengine 3,120 watakuwa bado nje, tiketi mkononi, msanii anapopanda jukwaani. Hapo mabaunsa hata 50 hawatoshi. Kinachofuata kwa kawaida ni geti kuvunjwa, au kufunguliwa lote kwa hofu, au mabomu ya machozi.

Kuhusu mabomu ya machozi tuseme wazi: katika eneo lenye kuta na milango michache, huua. Uwanja wa Kanjuruhan, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, watu 135 walikufa baada ya polisi kuyafyatua mechi ya mpira ilipokwisha, mashabiki wakakimbilia milango myembamba. Mkataba wa promota na polisi lazima useme kwamba gesi haitumiki ndani ya kiwanja wala kuelekea foleni ya geti, na afisa anayesimamia zamu asomewe kipengele hicho kwenye kikao cha mchana.

Mpangilio wa nje unaofanya kazi huwa hivi. Tiketi huuzwa na kukaguliwa mbali na geti, mita 50 au zaidi, ili mtu mwenye tiketi bandia au asiye na hela agundulike kabla ya kufika sehemu nyembamba. Kila foleni ina njia ya kurudi, kwa sababu aliyekataliwa getini bila njia ya kurudi hubaki palepale akizozana, na watu 200 nyuma yake wanazidi kusogea. Foleni zigawanywe kwa vizuizi katika makundi ya watu wasiozidi 100, na kundi liachiwe pale tu lililotangulia linapokwisha. Wanawake wakaguliwe na wanawake. Njia yenye mkaguzi mwanamke mmoja dhidi ya wanaume watano huzalisha foleni mbili zenye kasi tofauti, na foleni iliyokwama ndiyo inayosukuma. Chupa za kioo zibaki nje. Gari la msanii lisipitie kwenye foleni kamwe: likifika, watu huligeukia wote kwa pamoja na vizuizi huanguka.

Wasio na tiketi wanahitaji mpango wao. Kwenye ukumbi wa O2 Academy Brixton, London, Desemba 2022, katika onyesho la msanii Asake, umati mkubwa ulisukuma milango ya mbele, na shabiki mmoja pamoja na mlinzi mmoja wakafa. Leseni ya ukumbi ilisimamishwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 2024 ulikuwa na masharti mapya kadhaa ya usalama. Tangazo la mapema redioni na mitandaoni kwamba tiketi zimekwisha na hazitauzwa getini hupunguza umati huo kuliko uzio wowote. Promota anayesema zimekwisha huku akiendelea kuuza getini anaharibu ukweli wa matangazo yote yajayo.

Mbele ya jukwaa

Vizuizi vyepesi vya kupangia foleni, vile vyenye miguu inayotokeza pembeni, havifai kabisa mbele ya jukwaa. Umati ukiegemea, hupinduka, na miguu yake huwa mtego wa kuangushia watu. Kizuizi cha kweli cha jukwaa kina urefu wa mita 1.2 hivi kwenda juu, uso laini upande wa mashabiki, na sahani ya chuma chini ambayo mashabiki wenyewe hukanyaga, hivyo uzito wao ndio unaokishikilia. Upande wa pili kina kijingazi ambacho mlinzi husimama ili aone vichwa na kunyanyua watu. Kati ya kizuizi na jukwaa pabaki angalau mita 1.5, pasipo nyaya, masanduku ya spika wala wapiga picha waliosimama.

Walinzi wa hapo hutazama mashabiki muda wote. Mlinzi anayegeuka kumtazama msanii ameacha kazi. Wanatafuta nyuso zilizoinuliwa kutafuta hewa, midomo iliyobadilika rangi, watu wasioweza kuinua mikono wakati wengine wanapiga makofi, na lile wimbi la vichwa linalokwenda na kurudi bila kufuata mdundo. Anayehitaji kutolewa, wawili humshika chini ya kwapa, wa tatu hupokea miguu, anavushwa kizuizi na kupelekwa pembeni kwa wahudumu wa afya. Maji hugawiwa kwa vikombe vya plastiki kutoka hapo hapo. Chupa ikirushwa huumiza.

Kwa umati mkubwa, kizuizi kimoja hakitoshi. Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, vijana 9 walikufa mbele ya jukwaa wakati Pearl Jam wakipiga. Baada ya hapo tamasha hilo liligawa eneo la mbele kuwa vyumba vya uzio vyenye idadi maalumu ya watu, wakiingilia na kutokea pembeni. Mantiki yake ni kukata shinikizo: msukumo wa walio nyuma huishia kwenye kizuizi cha pili na haufiki kwa walio mbele. Lakini kizuizi cha pili kikiwekwa vibaya, kikaacha kona isiyo na njia ya kutokea, kinatengeneza mtego mpya. Kila kona iwe na mlango na mlinzi wake.

Nani anazima muziki

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika mno, na ndiyo iliyoamua mengi Houston. Mpango wa tamasha lile uliwapa watu wawili tu mamlaka ya kusimamisha onyesho, na haukuwa na maelezo ya nini kifanyike umati ukibanana. Saa 3:38 usiku mamlaka za mji zilitangaza kwamba hali ni ya majeruhi wengi. Muziki uliendelea mpaka baada ya saa 4.

Dakika 30 ni nyingi mno wakati ubongo hauvumilii zaidi ya chache bila hewa. Mamlaka ya kusimamisha yapewe watu wasiopungua wanne: msimamizi wa usalama, kiongozi wa walinzi wa mbele ya jukwaa, mkuu wa wahudumu wa afya, na afisa wa polisi au wa zimamoto aliye zamu. Yeyote kati yao akisema neno lililokubaliwa kwenye redio ya mawasiliano, fundi sauti anateremsha muziki bila kuuliza sababu. Kipengele hicho kiwe ndani ya mkataba wa msanii, na msanii mwenyewe aambiwe kabla ya kupanda, uso kwa uso, kwa sababu meneja husahau kufikisha.

Utaratibu wenyewe una mpangilio. Muziki unazimwa, lakini kipaza sauti na taa havizimwi. Kukata umeme wote ni hatari kubwa: giza na ukimya huleta hofu, na njia pekee ya kuzungumza na watu 7,000 imepotea. Taa za kiwanja zinawashwa zote, taa zinazomulika macho ya mashabiki zinazimwa. Kisha msanii au mshereheshaji anasoma maneno yaliyoandikwa tayari na kubandikwa jukwaani, kwa sauti tulivu: "Jamani, tunasimama kwa muda mfupi. Mlioko nyuma kabisa, rudini hatua tano. Asanteni. Sasa mlioko katikati, rudini hatua tano. Mlioko mbele, msisukume, nafasi inakuja kwenu." Wa nyuma ndio wa kwanza, maana wa mbele hawana pa kurudi. Kuwaambia walio mbele warudi kwanza, kama tunavyosikia kwenye matamasha mengi, ni kuwaomba wafanye wasichoweza. Neno "moto" au "kimbieni" lisitamkwe.

Spika za matangazo na taa za dharura ziwe na jenereta yao, tofauti na ile ya jukwaa. Megafoni nne zenye betri mpya ziwekwe kwenye mageti. Redio za walinzi wa mbele ziwe na vifaa vya kufunika masikio, la sivyo hawatasikia kitu karibu na spika. Na alama ya mkono, kama mikono miwili iliyopishanishwa juu ya kichwa, ifundishwe kwa wote pamoja na msanii.

Ukumbi wa ndani

Ndani ya ukumbi yanaongezeka mawili: joto na moshi. Siku ya Idd el Fitr mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora uliokuwa umejazwa kupita kiasi. Watoto ni wafupi. Katika umati vifua vyao viko chini ya mabega ya wengine, kwenye hewa nzito na ya moto. Disko toto linahitaji idadi ndogo ya watu kwa mita kuliko onyesho la watu wazima, madirisha wazi, na mtu mzima kila mlango.

Kuhusu moto, klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, Februari 2003, iliteketea baada ya fataki za jukwaani kushika sponji ya kuzuia sauti ukutani. Watu 100 walikufa. Wachunguzi walikadiria kwamba ndani ya sekunde 90 hali ilikuwa haivumiliki, na wengi walikimbilia mlango waliouingilia. Kwa hiyo hakuna fataki ndani, hakuna sponji ya magodoro ukutani, na mshereheshaji aonyeshe milango mingine kwa mkono kabla ya wimbo wa kwanza.

Ukijikuta umebanwa

Shabiki hawezi kurekebisha kiwanja, lakini anaweza kuongeza nafasi yake ya kuishi. Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ili ubaki na sentimita chache za kupumulia. Usisukume kinyume, nguvu yako itakwisha. Wimbi likipita na kutulia, sogea mshazari kuelekea pembeni, kisha subiri linalofuata. Kaa mbali na kuta, nguzo na vizuizi. Simu ikianguka, iache. Usipige kelele bila sababu, kelele hula hewa. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala ubavu, kunja magoti kifuani, funika kichwa. Ukiona watu wanakaribia 4 kwa mita na bado unaweza kusogea, huo ndio wakati wa kuondoka, baadaye hutaweza.

Aliyetolewa bila fahamu na hapumui anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kabla ya gari kufika. Walinzi wote wafundishwe hilo. Njia ya gari la wagonjwa iwe na upana wa mita 4 na isiuzwe kwa mama lishe wala kwa maegesho.

Wakati wa kutoka

Kuingia hutawanyika kwa saa kadhaa, kutoka hutokea kwa dakika chache. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la Freedom City mjini Kampala, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje kutazama fataki za mwaka mpya. Katika msongamano uliofuata walikufa watu wasiopungua 9, wakiwemo watoto. Tangazo linalowatuma watu wote mlango mmoja kwa wakati mmoja ni uamuzi wa usalama, hata likitolewa na mshereheshaji. Fataki ziwekwe mahali zinapoonekana bila mtu kuhama, na kila tangazo la kuhamisha watu lipite kwanza kwa msimamizi wa usalama.

Njia ya kuingilia na ya kutokea zisiwe moja. Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, kwenye tamasha la Love Parade, waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka walikutana kwenye njia ile ile ya mteremko inayopitia mahandaki, na watu 21 wakafa. Nje ya geti nako kuna hatari yake. Mlipuko wa Manchester Arena wa tarehe 22 Mei 2017 ulitokea kwenye ukumbi wa mbele, watu walipokuwa wakitoka, na uliua watu 22. Ukaguzi wa mikoba mlangoni hausaidii mahali ambapo wazazi wanasubiri watoto bila kukaguliwa, kwa hiyo eneo la nje nalo lipangiwe doria mpaka mwisho.

Dakika 20 kabla ya wimbo wa mwisho, mageti yote yafunguliwe kabisa, vizuizi vya foleni viondolewe, wauza mishikaki na vocha waliojipanga mbele ya geti wasogezwe, na bodaboda na daladala zielekezwe mita 100 mbele ili watu wasisimame mlangoni wakibembeleza nauli. Muziki wa polepole uendelee baada ya msanii kushuka, kwa sababu wengine watabaki kusikiliza na msongamano utapungua. Zamu ya walinzi wa nje ihesabiwe na kulipwa mpaka saa moja baada ya hapo, na taa za barabara ya kutokea zizimwe baada ya wao kuripoti kwamba njia ni tupu.